Wateja 31, namba ya simu moja: 2147483647. Nimedukuliwa?

Kofia_za_Mkono

Assalaam alaykum. Mie nauza kofia za mkono, tunashona wanawake sita hapa Unguja, na tangu mwaka juzi tuna tovuti ya kupokelea oda. Kompyuta naijua kuiwasha na kuizima tu, mnivumilie.

Juzi usiku mteja wa Muscat aliniandikia Instagram kuuliza kofia yake imefika wapi. Nikaingia kwenye orodha ya wateja nitafute namba yake nimpigie, nikakuta 2147483647. Nikasema kakosea kuandika. Nikashuka chini: mteja wa Mombasa, 2147483647. Wa Dar, 2147483647. Nimehesabu watu 31 wenye namba hiyo hiyo. Wengine namba zao zipo ila sifuri ya mbele imeliwa, zinaanzia 77 au 71. Na wawili, hawa ndio walionitisha zaidi, simu yao ni 255. Basi, hakuna kingine.

Nimeipiga ile namba ndefu, haipo. Binti yangu anasema kuna mtu kaingia akafuta namba za watu na kuweka yake. Nimebadilisha nenosiri mara mbili na usiku ule sikulala.

Kijana aliyetutengenezea tovuti ndiye mjuzi wa yote, hata malipo ya kila mwaka analipa yeye kisha namrudishia, lakini tangu baada ya Ramadhani yuko Oman kikazi na laini yake ya hapa haipatikani. Je, nimedukuliwa? Niifunge tovuti? Natanguliza shukrani.

Mbishi_wa_Mbagala

Pole dada. Umedukuliwa mchana kweupe. Futa kila kitu uanze upya.

fundi_mstaafu

Usifute kitu chochote, tafadhali. Na wewe Mbishi, siku moja utamfutia mtu riziki yake.

Dada, kaa unywe chai. Hujadukuliwa. Hiyo namba haikuandikwa na mwizi, ni kibaba kilichojaa. Kwenye databesi, yaani ghala tovuti yako inamohifadhi orodha ya wateja, kuna aina ya safu ya kuwekea hesabu inayoitwa INT, na kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2147483647, yaani mbili kwa kipeo cha 31, toa moja. Ukimimina zaidi ya hapo, MySQL (programu inayoendesha databesi) iliyolegezwa masharti haikatai. Inaandika ile kubwa inayoenea, inaendelea na kazi kama karani anayeona aibu kukwambia fomu imejaa. (Kibaba hicho hicho ndicho kitakachozisumbua kompyuta za zamani zinazohesabu muda kwa sekunde, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Tutafika tukijaliwa.)

Sasa waangalie wateja wako. Aliyeandika 0777 na zilizobaki, kompyuta imeona hesabu, na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina thamani, ikaitupa. Zikabaki tarakimu tisa, zikaenea. Aliyeanza na +255 kwa mfululizo ana tarakimu 12, amefurika. Wa Muscat, 968 na tarakimu nane zake ni 11, naye amefurika. Na wale wawili wa 255 waliacha nafasi: +255, nafasi, halafu namba. Kompyuta ikasoma mpaka kwenye nafasi, ikaona yatosha.

Kijana wako aliiweka simu kama hesabu. Simu si hesabu, huwezi kujumlisha simu mbili ukapata ya tatu! Ila nisimcheke sana. Mwaka 2009 nilikitengenezea chama cha kuweka na kukopa daftari la wanachama, nikafanya kosa hilo hilo. Mhasibu alipotuma ujumbe wa kukumbusha madeni, karibu wote ulikwenda kwa mtu mmoja ambaye hayupo duniani, na wadaiwa wakawa na mwezi mzuri sana. Mpaka leo namwona mtu anabandika namba ya NIDA kwenye Excel kama hesabu, tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri naye hana habari.

Dawa ni mstari mmoja, ila kwanza nakala ya databesi nzima itolewe na kuhifadhiwa pembeni:

ALTER TABLE wateja MODIFY simu VARCHAR(20);

(Yaani safu ya simu igeuzwe ya maandishi badala ya hesabu. Majina ya jedwali na safu yatakuwa aliyoyaweka yeye.) Namba zilizokwisha kufurika hazirudi kutoka humo. Lakini kila oda ikija, si unaletewa barua pepe? Mara nyingi barua hiyo inaandikwa kwa alichochapa mteja, si kwa kilichohifadhiwa. Fungua za zamani utazikuta namba zimekaa salama. MySQL tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 hukataa upuuzi huu yenyewe, kwa hiyo yako ama ni ya zamani, ama kuna mtu aliona inamletea makelele akaizima mdomo.

Namba tumalizane nazo hapo. Mimi kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipitisha haraka: "hata malipo ya kila mwaka analipa yeye." Domeini, yaani lile jina la tovuti yako kwenye mtandao, imesajiliwa kwa nani, dada? Ingia lookup.icann.org, andika jina la tovuti yako. Jina la mwenyewe huenda limefichwa, ila utaona kampuni ilikosajiliwa na tarehe ya kuisha. Kama ni .com na tarehe ikapita, kampuni inaweza kukuvumilia hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 za kuikomboa kwa faini, kisha siku tano, halafu ni ya yeyote anayewahi.

Na Instagram ya duka uliifungua kwa barua pepe gani? Kama ni ile ya info@ yenye jina la tovuti, basi mwenye domeini ndiye mwenye duka. Anatengeneza sanduku la info@, anabonyeza "nimesahau nenosiri", kiungo kinamwendea yeye. Sisemi kijana ni mwizi. Muungwana pia huugua, husahau, kadi yake ya benki huisha muda.

Soprano_Nairobi

Msikize mzee. Tovuti ya kwaya yetu ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe ya katibu wa zamani, na huyo katibu alihama akaacha kuifungua. Siku hizi ukiandika jina la kwaya kwenye Google unapata kamari, na juu kabisa bado kuna picha yetu tumevaa majoho ya zambarau.

Kitu kingine, dada: ile namba ya siri ya kuthibitisha unapoingia, inatumwa kwa laini ya nani? Kama ni ya kijana, na amehamia Oman, laini iliyonyamaza muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine. Weka programu ya kutoa hizo namba kwenye simu yako mwenyewe.

Kofia_za_Mkono

Nimerudi. Nimefungua barua za oda moja moja mpaka alfajiri. Wale wawili wa 255 kweli waliacha nafasi, nimecheka peke yangu. Katika 31 nimepata 26.

Domeini inaisha baada ya siku 19. Na Instagram ni info@. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu. Nilikwenda Mwanakwerekwe kwa mama yake kijana, akampigia WhatsApp papo hapo. Kijana hata hakushtuka, eti "mie nilidhani mmeshaichukua zamani." Amenitumia nenosiri, anasema tarehe ya kulipa ilikuwa imemtoka kabisa.

fundi_mstaafu

Alhamdulillah. Ukibadilisha mwenye domeini, kampuni inaweza kumtumia kiungo mwenye barua pepe ya zamani ili athibitishe. Asikate simu kabla hajakibonyeza. Kisha lipia, hata kama siku hazijafika. Instagram ihamishie barua pepe ambayo haitegemei domeini hiyo.

Kofia_za_Mkono

Amebonyeza, nimelipia miaka miwili. Instagram binti anaihangaikia sasa hivi.

Na yule wa Muscat namba yake nimeipata, nimempigia. Kofia ilishafika wiki iliyopita, kaivaa mwanawe harusini.