Shimanami Kaido hadi Shikoku: tugawane vipi baiskeli na gari?

Swali

Wapendwa wasafiri, naomba ushauri wenu. Tuko marafiki watano, na mwishoni mwa Oktoba tunatarajia kwenda Japani, tukiwa tumekubaliana kwamba muda wetu mwingi tutautumia vijijini. Tutaanzia Onomichi, katika mkoa wa Hiroshima, tuvuke visiwa kwa njia ya Shimanami Kaido hadi Imabari, kisha tuingie ndani ya kisiwa cha Shikoku. Watatu kati yetu wamezoea kuendesha baiskeli masafa marefu. Wawili hawana pumzi ya milima, ingawa wote wawili ni madereva. Ninachohofia ni kwamba hawa wawili watageuka wabeba mizigo wa wenzao, wakishinda kutwa nzima wakitusubiri mbele barabarani. Je, gari liandamane na baiskeli kila siku, au kuna mpango bora zaidi? Na ni sehemu zipi ambazo hamshauri kabisa kuzipita kwa baiskeli?

Jibu la kwanza

Hofu yako ina msingi, ndugu, na nafurahi umeiwaza kabla ya kuondoka, kwa sababu urafiki huchakaa upesi pale ambapo wengine wanaburudika na wengine wanawahudumia. Ushauri wangu ni kwamba msibebe baiskeli hata moja garini. Zikodini pale ambapo njia yenyewe inafaa, mzirudishe mwisho wa kipande hicho, kisha mwendelee nyote kwa gari.

Shimanami Kaido imeandaliwa kwa utaratibu huo. Ni njia ya kilomita 70 hivi, iliyokamilika mwaka 1999, na baiskeli iliyokodiwa Onomichi inaweza kurudishwa Imabari. Mtaanza kwa feri fupi ya kwenda kisiwa cha Mukaishima, halafu mtafuata mstari wa buluu uliochorwa kando ya barabara kupitia visiwa vya Innoshima, Ikuchijima, Omishima, Hakatajima na Oshima. Njia za kupandia madarajani zina mwinuko wa taratibu, kwa hiyo hata wale wawili wanaweza kuendesha kisiwa kimoja au viwili bila kuteseka. Mimi ningewapa Ikuchijima: barabara ya pwani ni tambarare, mashamba ya malimau yako kando ya njia, na hakuna haja ya kuharakisha.

Dereva azingatie jambo moja. Gari huvuka madaraja hayohayo kwa barabara kuu ya kulipia, na baadhi ya njia zake za kutokea visiwani huhudumia magari ya upande mmoja tu. Akikosea njia ya kutokea, huenda akalazimika kuvuka hadi kisiwa kinachofuata na kulipa tena. Kwa hiyo mkubaliane mahali pa kukutana kabla ya kuagana asubuhi. Mahali panapofaa zaidi ni vituo vya kupumzikia kando ya barabara, ambavyo Wajapani huviita michi no eki: maegesho ni ya bure, vyoo viko wazi saa 24, na mara nyingi wakulima wa eneo hilo huuza hapo matunda na mboga zao. Aliye garini hataona kusubiri mahali kama hapo kuwa ni adhabu.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naongeza kuhusu gari lenyewe. Wengi watakushauri mkodi yale magari madogo yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na kwa kweli yanafaa sana katika barabara nyembamba za milimani. Hata hivyo, kisheria hayabebi zaidi ya watu wanne, nanyi mko watano. Chukueni gari dogo la kawaida, na mizigo mikubwa itangulizeni kwa kampuni za kusafirisha vifurushi, ambazo kwa kawaida huifikisha kwenye nyumba ya wageni kesho yake.

Kibali cha kimataifa cha udereva ni lazima kiwe kimetolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani. Kile cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hakikubaliki Japani, kwa hiyo kila dereva akague chake mapema. Kwenye alama ya kusimama na kwenye makutano ya reli, gari lisimame kabisa, hata kama hakuna mtu wala treni. Kuhusu pombe, sheria haimwangalii dereva peke yake: aliyempa gari, aliyempa kinywaji, na abiria aliyeomba kubebwa huku akijua, wote wanaweza kuadhibiwa. Mwendesha baiskeli naye hajasamehewa. Tangu Novemba 2024 adhabu ya kuendesha baiskeli ukiwa umekunywa, au ukiwa umeshika simu, imekuwa kali.

Jibu la tatu

Mimi nizungumzie sehemu za ndani ya Shikoku, maana hapo ndipo mpango wenu utakapofaulu au kuharibika.

Bonde la Iya, mkoani Tokushima, liendeeni kwa gari. Barabara ya 439 inayopita huko ni nyembamba mno mahali pengi. Magari mawili yakikutana, moja hulazimika kurudi nyuma hadi penye upana, na kona nyingi hazionyeshi kinachokuja. Daraja la Kazurabashi, lililosukwa kwa mimea itambaayo, lenye urefu wa mita 45 na linalosukwa upya kila baada ya miaka mitatu, mnalipita kwa miguu. Jazeni mafuta kabla ya kupanda, kwa sababu vituo vya milimani ni vichache na vingine hufungwa mapema au siku ya Jumapili.

Uendeshaji wa baiskeli uachieni mto Shimanto, mkoani Kochi. Kutoka Ekawasaki kushuka hadi Nakamura ni kiasi cha kilomita 40, njia inaufuata mto, na hapo ningewabadilisha kabisa: wale wawili wasiopenda milima wapande baiskeli, na mmoja wa watatu wenye nguvu ashike usukani, mradi naye awe na kibali. Mtakutana na madaraja ya chini yasiyo na kingo. Yalijengwa hivyo kwa makusudi, ili mto ukifurika maji yapite juu yake bila magogo kunasa na kulibomoa daraja. Lile la Sada lina urefu wa karibu mita 290. Upepo ukivuma, au gari likija, shukeni mkokote.

Mwishoni mwa Oktoba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na nyumba nyingi za wageni vijijini huandaa chakula cha jioni saa hiyo hiyo. Pangeni kufika kabla ya saa kumi na moja, na taa za mbele na nyuma ziwashwe katika kila handaki, hata mchana.