Ahrefs, Semrush, Ubersuggest au nibaki na za bure? Naomba ushauri kabla sijalipia

MfugajiMtandaoni
Habari za jioni wakuu. Nimechoka kuandika makala kwa kubahatisha, nataka nilipie zana moja ya kutafuta maneno muhimu, yaani yale watu wanayoandika Google. Nimeangalia Ahrefs, Semrush, Ubersuggest na Keywords Everywhere, kila moja inajisifu. Ya Google ya bure, Keyword Planner, ninayo ila inanipa "10 hadi 100", "100 hadi 1,000", sasa hapo napanga nini? Hela ipo, nataka nilipe kabla ya Ijumaa. Ipi bora? Nawasilisha.

kalamu_ya_mvita
Bora kwa kazi gani, ndugu yangu? Tovuti inahusu nini, ya Kiswahili au Kiingereza, wasomaji wako nchi gani, na hiyo "hela ipo" ni kiasi gani? Ahrefs Lite peke yake ni dola 129 kwa mwezi, Semrush ya chini nilipoangalia mara ya mwisho ilikuwa karibu dola 140. Tuambie kwanza.

Chuga_SEO
Semrush, usihangaike. Niko Arusha, naandikia kampuni za utalii, wateja wao Wamarekani na Wajerumani. Naweka tovuti yangu na ya mshindani, inanitolea maneno yote ambayo mwenzangu anaonekana na mimi sionekani. Nikiona amekamata njia ya Lemosho ya kupanda Kilimanjaro na sisi tuna Machame tu, kesho yake naandika Lemosho. Mteja mmoja wa kupanda mlima analipia zana ya mwaka mzima.

bwana_takwimu
Chuga, hiyo ni biashara ya Kiingereza. Mleta mada hajajibu hata swali moja. Mkuu, tovuti ya nini?

MfugajiMtandaoni
Ya ufugaji.

kalamu_ya_mvita
Ufugaji wa nini, kwa lugha gani, na una shilingi ngapi?

MfugajiMtandaoni
Samahani wakuu, nilikuwa bandani. Kuku wa kienyeji na chotara, kwa Kiswahili, wasomaji wengi Tanzania. Nina laki moja kwa mwezi. Tovuti ina miezi 14. Ila kuna kitu kimenipa moyo: Keyword Planner inasema ushindani ni mdogo karibu kwenye kila neno la kuku.

bwana_takwimu
Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile safu ya ushindani inahusu wanaolipia matangazo kwenye neno hilo. Haikuambii kama ni rahisi kupanda kwenye matokeo ya kawaida. Na hizo namba pana zinatokana na kwamba huna kampeni ya matangazo inayoendeshwa. Wanaolipia matangazo wanapewa namba za karibu zaidi. Hata hizo, Google huyaunganisha maneno yanayofanana na kuyapa jumla moja.

Kwa laki moja, Ahrefs Lite na Semrush zimeshatoka kwenye hesabu. Ahrefs wana kifurushi kidogo cha kuanzia cha dola 29, kinaingia kwenye bajeti. Lakini ujue ule ugumu wa neno wa Ahrefs unapimwa kwa viungo (links) kutoka tovuti nyingine vinavyoelekea kwenye kurasa 10 za juu. Kurasa nyingi za Kiswahili hazina viungo, kwa hiyo utaona sifuri kila mahali na utadhani uwanja mtupu.

Tena angalia hili neno lako. "Kuku" kwa Kiindonesia na Kimalei ni ukucha. Usipochagua nchi, zana inakuletea "jamur kuku", yaani fangasi wa kucha. Nimewahi kuona orodha ya mtu imejaa kucha za Jakarta na yeye anahesabu ni wafugaji.

MfugajiMtandaoni
Aisee! Nimerudi kuangalia orodha yangu, hilo neno limo. Nilidhani ni ugonjwa.

dada_maudhui
Kabla hujafika kwenye zile akaunti za kuchangia za Telegram, naomba unisikilize, maana najua ndiko unakoelekea ukiona bei za dola.

Mwaka juzi nilikuwa na mteja mmoja mkubwa na sikuwa na dola 129. Nikaunganishwa na mtu anayeuza akaunti ya pamoja kwa elfu 25 kwa mwezi. Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili, ukiingia saa 4 asubuhi unakuta mgawo wa siku umeshaisha, kuna watu huko wanapakua maelfu ya maneno kwa mpigo. Nikaanza kuamka saa 9 usiku nifanye kazi wengine wamelala, mtoto mgongoni. Orodha ya mteja, maneno 300 na kitu niliyoyapanga kwa mada na mwezi wa kuchapisha, nikaihifadhi humo humo. Siku moja naikuta imepewa jina lingine. Mtu mwingine kwenye akaunti ile ameifungua na kuanza kuitumia. Miezi miwili baadaye tovuti mpya ikatoka na mada zetu kwa mpangilio ule ule, hadi kosa langu la tahajia kwenye "unyonyeshaji" limo. Mteja akaniuliza nimemuuzia nani kazi yake. Sikuwa na jibu la kumtosha, na mkataba ukafa. Muuzaji? Akaunti ikafungwa, na yeye akapotea na hela ya mwezi wa tatu.

Kama huna uwezo wa kulipa, tumia za bure. Usichangie akaunti.

Chuga_SEO
Pole sana dada. Hiyo inauma.

kalamu_ya_mvita
Pole dada yangu. Mfugaji, miezi 14 ni mingi. Umeunganisha Search Console, ile ya Google inayoonyesha watu waliandika nini tovuti yako ikatokea? Inatunza data ya miezi 16, bure, na ni watu wako halisi. Panga kwa mara ulizoonekana, halafu tazama ulipo nafasi ya 8 hadi ya 20. Tuletee unachoona.

MfugajiMtandaoni
Nimefungua sasa hivi. Nilidhani ya juu itakuwa "ufugaji wa kuku wa kienyeji", ndiyo niliyoiandikia makala 6. Kumbe ya juu ni "kuku kuhara kijani". Nimeonekana mara 1,100 na kitu, waliobofya 9. Chini yake "kuku anahara kijani dawa", "kuku wanazubaa na kuhara kijani", "kinyesi cha kijani kuku". Keyword Planner hayo yote hainipi hata mstari. Sina makala ya kuhara kijani, wanafika kwenye makala ya chakula cha vifaranga!

bwana_takwimu
Umeona? Hakuna zana ya kulipia ingekupa hayo. Mfugaji hatafuti "magonjwa ya kuku". Anasimama bandani, anaona kinyesi, anaandika anachokiona.

Chuga_SEO
Basi andika "dawa ya kuhara kijani", funga kazi.

dada_maudhui
Hapana, kaka. Kuhara kijani inaweza kuwa mdondo, yaani Newcastle, na mdondo hauna dawa, una chanjo tu. Ukiandika "dawa" kwa sababu ndilo neno linalotafutwa, mtu atamaliza hela dukani na banda litaisha.

Chuga_SEO
Kichwa kinaweza kuwa na neno "dawa", ndani ukaeleza. Usipoliweka hakufikii kabisa, atamfikia muuza dawa.

MfugajiMtandaoni
Hilo nimelipata. Mwenyewe nilipoteza kuku 70 kabla sijajua chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja la jicho kila miezi 3. Nitaweka swali kwenye kichwa: "Je, kuna dawa?" Na jibu nitaliweka mstari wa kwanza kabisa.

kalamu_ya_mvita
Weka na "kideri" humo, wapo wanaouita mdondo hivyo. Sisi huku Kenya wengi wataandika "Newcastle" moja kwa moja. Kwenye Google Trends, inayoonyesha neno linavyotafutwa, linganisha majina haya matatu, nchi kwa nchi, ila kumbuka ile 0 hadi 100 ni uwiano, sio idadi ya watu.

kijana_wa_kodi
Mbona mnahangaika, si uulize akili mnemba ikupe maneno 200?

bwana_takwimu
Itakupa maneno mazuri ambayo hakuna mfugaji anayeyaandika. Mimi nilipewa "uendelevu wa ufugaji wa kuku".

kijana_wa_kodi
Inategemea unauliza vipi. Mimi naipa orodha ya Search Console iyapange kwa makundi, inafanya vizuri.

bwana_takwimu
Hiyo ni kupanga, sio kutafuta. Hapo sibishi.

MfugajiMtandaoni
Wakuu asanteni. Ijumaa silipi kwanza. Nafikiria Keywords Everywhere, wale wa salio, ila nasikia salio linaisha muda usipolitumia?

kalamu_ya_mvita
Ndiyo, linaisha. Nunua dogo.

Chuga_SEO
Mimi bado nasema Semrush, siku ukianza kuuza nje.

mama_vifaranga_moro
Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Hao chotara unauza vifaranga? Wa mwezi mmoja bei gani, na wameshachanjwa?