Mfadhili anataka kutubadilishia rangi ya jezi. Mliofuata mambo ya Cardiff, nisaidieni

MamaJezi_Kaloleni:

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu niko na jezi 22 za buluu kwenye gunia chini ya kitanda na sijui nizifanyie nini.

Ni timu ya mtaa, hapa Kaloleni, Nairobi. Nilianza kuifulia jezi mwaka 2009, kijana wangu alipokuwa beki wa kushoto. Kijana aliacha mpira zamani, sasa ana kitambi na anaendesha boda Utawala, lakini beseni lilibaki kwangu. Jumapili jioni kapteni ananiletea gunia, Jumatatu naloweka, Jumanne naanika. Kwa hivyo habari za rangi ya timu hii usinifundishe. Manjano yetu ukiiloweka pamoja na soksi nyeusi inageuka rangi ya chai ya kibanda. Ukiisahau juani mchana kutwa inakuwa kama maziwa yaliyolala. Namba 7 inachuja haraka kuliko zingine, na sijawahi kujua ni kwa nini.

Na manjano haikuja hivihivi. Kwa wasioujua mtaa huu, nusu ni K'Ogalo (Gor Mahia, kijani) na nusu ni Ingwe (AFC Leopards, buluu), na kuna nyumba mume ni kijani na mke ni buluu, siku ya Mashemeji, derbi ya timu hizo mbili, kila mtu anajipikia. City Stadium iko karibu. Zamani derbi ikichezwa pale tulikuwa tunasikia bao kabla redio haijalitangaza. Wazee walioanzisha timu walijua wakivalisha vijana kijani, nusu ya mtaa haiji kutazama. Wakivalisha buluu, nusu ile nyingine inabaki nyumbani. Wakaenda soko la mitumba la Gikomba wakarudi na jezi 14 za manjano, mbili za mikono mirefu, zimeandikwa kifuani maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Ndiyo hiyo rangi yetu.

Wapinzani wakatuita Ndizi. Walidhani wametutukana. Siku ya fainali moja mashabiki wetu walikuja na mkungu mzima kwenye mkokoteni, tukala hadi refa akapewa. (Maganda tuliyaokota, msitufikirie vibaya.)

Sasa tumepata mfadhili. Ana boza, yaani malori ya kuuza maji. Nitamsema kwa haki yake: huyu mtu ametusaidia. Analipa marefa, alilipa ada ya ligi, alileta mipira 6, na kipa alipovunjika kidole bili ya hospitali aliibeba yeye. Kabla yake timu ilikuwa inakata roho. Mwezi uliopita akaja mazoezini na gunia. Jezi za buluu, na mgongoni namba ya simu ya kuagiza maji, kubwa kuliko namba ya mchezaji. Akasema kuanzia raundi ya pili tunavaa hizo, na za manjano tuwape watoto.

Yeye mpira hafuati. Hajui kwamba amewavalisha watoto wa K'Ogalo jezi ya Ingwe. Nilimweleza polepole. Akacheka, akaniambia, "Mama, maji ni buluu." Maji si buluu. Nafua nayo kila Jumatatu.

Jumapili iliyopita vijana walivaa, wangefanyaje. Upande wa mashabiki ulikuwa manjano tupu: leso, taulo, shuka la mtoto, na vijana wa kona walikuja na mitungi ya lita 20 wakawa wanaipiga kama ngoma dakika zote 90. Mfadhili alikaa kwenye gari lake, vioo juu. Nusu saa hivi akawasha, akaenda. Tulishinda 2-1 na hakuna aliyejua kama ashangilie.

Kijana wangu anasema kuna timu huko Wales, Cardiff, ambayo tajiri aliibadilishia buluu ikawa nyekundu, na mashabiki wakashikilia mpaka ikarudi. Walifanyaje? Na kubwa zaidi kwangu: unakataaje rangi ya mtu bila kumfukuza mtu mwenyewe?

Mwosha_Vyombo_CF:

Mama, nilikuwa Cardiff miaka hiyo, mchana darasani, usiku naosha sahani hotelini. Nikuambie nilivyoona.

Tajiri anaitwa Vincent Tan, wa Malaysia. Mei 2012 habari ya nyekundu ilivuja, watu wakapiga kelele, ikasemekana imeachwa. Mwezi uliofuata ikatangazwa tena, safari hii kweli. Timu inaitwa Bluebirds, yaani ndege wa buluu, sasa fikiria ndege wa buluu mwenye manyoya mekundu. Kwenye nembo joka likakaa katikati, ndege akasukumwa chini akawa mdogo kama inzi.

Usije ukadhani mji wote ulisimama pamoja. Kazini kwetu mpishi na msaidizi wake hawakusalimiana wiki mbili. Wengi walikubali, kwa sababu Tan alikuwa na pesa na klabu ilikuwa na madeni. Halafu msimu ule ule wa kwanza wa nyekundu wakachukua ubingwa wa ligi ya pili, 2013, wakapanda ligi kuu baada ya miaka 51. Hapo waliopinga nyekundu ndio walipata taabu. Utagombana vipi na kombe?

Walichofanya ni kuendelea kuja na buluu. Skafu nyekundu ziligawiwa bure, wenyewe wakazikunja wakazikalia. Waliandamana. Waliimba kwamba wao ni buluu, timu ikishinda, timu ikifungwa. Mwaka 2014 wakashuka daraja, na wengine wakaacha kununua tiketi za msimu. Hakuna ushindi tena wa kufunika jambo. Januari 2015 Tan akarudisha buluu. Siku iliyofuata wakaifunga Fulham 1-0 wakiwa na buluu, na tajiri bado ni yeye. Hawakumfukuza.

Na kuna kitu watu husahau: yeye mwenyewe alisema mama yake mzazi alimzungumzia habari za umoja na furaha. Kwa hivyo ulizia kama mama yake mfadhili wenu yuko hai, na anakaa wapi.

MpiraNiPesa254:

Mnanichosha na hizi hisia. Rangi haifungi bao. Leeds walikuwa buluu na njano, 1961 wakavaa nyeupe na ndipo wakawa kitu. Liverpool walianza kuvaa nyekundu juu hadi chini 1964. Crystal Palace walibadilisha 1973. Juventus walikuwa pinki! Hata hao Cardiff mnaowalilia, walipoanza 1899 walivaa rangi ya chokoleti. Leo mtu analipa marefa, nyinyi mnampigia mitungi. Akienda, mama, refa utamlipa na sabuni?

MamaJezi_Kaloleni:

Refa tumewahi kumlipa na kuku, ndugu yangu, na akatunyima penalti vilevile.

Lakini swali lako si la kijinga, ndilo linaloninyima usingizi. Sitaki aende. Nilifulia timu hii miaka miwili bila hata senti ya sabuni, sisemi mambo ya pesa nikiwa nimeshiba.

Mwosha_Vyombo_CF:

@MpiraNiPesa254 angalia tena orodha yako. Leeds ni kocha Don Revie alitaka wafanane na Real Madrid. Liverpool ni Bill Shankly. Palace ni Malcolm Allison. Wote ni makocha, waliofikiria wachezaji wataonekanaje uwanjani. Hakuna hapo aliyefikiria boza.

Na Uingereza siku hizi hawaachii tena tajiri peke yake. Sheria ya soka ya Julai 2025 inataka klabu ionyeshe kwanza kwamba mashabiki wengi wanakubali ndipo iguse nembo au rangi ya jezi ya nyumbani.

Babu_wa_Marikiti:

Dada yangu wa Kaloleni, salamu. Mimi nimezeeka na kijani, usinishike vibaya kwa hilo.

Mwaka 1980 nilikuwa kijana wa kubeba magunia soko la Marikiti. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Na sisi, Gor Mahia, kwa muda tukaandikwa Gulf Olympic Rangers. Umesikia vizuri, Gulf. Mimi nimesimama viwanjani kuanzia ujana wangu hadi magoti yalipokataa, sijasikia mtu mmoja akiimba Gulf Olympic Rangers. Karatasi ilisema lake, watu wakasema lao. Desemba 1987 tulipotoka sare na Esperance ya Tunisia pale Kasarani tukachukua Kombe la Mandela, la klabu za Afrika, jina lililoitwa ni lile lile la 1968.

Ingwe nao, na nawasifu kwa shida, jina lao jipya walilichukua wakalifanya lao kabisa. Rangi hawakuiacha.

Ninachokuomba: msizichome hizo jezi za buluu. Vijana watataka kuzichoma, wasikubaliwe. Mtu akichomewa zawadi yake harudi. Kila timu inahitaji jezi ya pili, ya siku mkikutana na wenzenu wa manjano. Mwambieni amewaletea jezi ya ugenini, mshukuruni kwa hiyo, halafu nyamazeni.

Zambarau_05:

Mzee amesema vizuri, ila muwe macho na vipande vipande. Salzburg, Austria, 2005: kampuni ya Red Bull ilinunua klabu iliyokuwa zambarau na nyeupe. Rangi zikaondoka zote. Mashabiki walipolalamika wakaambiwa, sawa, kipa anaweza kuvaa soksi za zambarau. Soksi! Tena za kipa! Wale watu wakaondoka, wakaunda klabu yao upya, wakaanzia daraja la saba. Mwaka 2015 walikuwa wamepanda hadi la pili. Miaka kumi hiyo, na pesa ya kuchangishana. Akikupa soksi, mama, jua umepewa nini.

Kijana_wa_Kona:

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa mitungi Jumapili 😅 samahani mathe kwa kelele. Lakini jameni hakuna mtu ameona? Mtungi ni wa RANGI GANI? Tunanunua maji yake na nini? Nairobi yote maji yanabebwa na manjano. Boza lake ni buluu, sawa, lakini mtu akiona manjano ndiyo anakumbuka nyumbani maji yameisha. Mpelekeeni mtungi mmoja amuulize mteja wake yeyote.

MamaJezi_Kaloleni:

Nimerudi, ni siku nne sasa. Sikutegemea majibu haya, ahsanteni, hata wewe wa pesa.

Tulienda juzi kwenye yadi yake, mimi, katibu na kapteni. Mama yake, nimeulizia, alifariki, Mungu amlaze pema, kwa hivyo njia hiyo haipo. Tulianza na la Babu. Katibu alimshukuru kwa jezi za ugenini, akasema ni nzuri, kitambaa ni kizito. Ni kweli, nimekishika. Akatutazama. Akasema hakuleta jezi za ugenini. Katibu akashukuru tena.

Akasema basi, tukutane katikati: kipa abaki na manjano. Nilimkumbuka wa Zambarau nikataka kucheka. Kapteni akasema kipa alishaulizwa, hataki kuwa ndizi peke yake.

Hapo nje walikuwa wamepanga foleni wanunuzi wa asubuhi, labda thelathini. Sikusema kitu. Nilimwonyesha tu kwa mkono. Mitungi ilikuwa imejipanga kutoka kwenye bomba hadi barabarani, yote manjano, isipokuwa mmoja mweupe wa mafuta ya kupikia. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akauliza ule mweupe ni wa nani.

Hajakubali. Namba ya simu anaitaka mgongoni kwa vyovyote vile, na hapo mimi sina neno, alipe marefa aandike namba yake. Ila ameuliza jezi 22 za manjano zinagharimu ngapi Kamukunji, na akaomba aletewe moja ya zamani aione rangi vizuri kabla ya Jumapili.

Nimechagua namba 4, ndiyo iliyoshika rangi kuliko zote. Nimeifua leo peke yake, bila soksi, na nimeianika kivulini.