Naomba ushauri: tunapanda Mlima Kilimanjaro Desemba na marafiki, nimeshalipa nusu

Kijana wa Rau: Wakuu habari za majukumu. Tupo saba, tumekua pamoja hapa Moshi, na kwenye grupu imepitishwa kwamba Desemba hii tupande mlima njia ya Marangu, tuwe kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru. Shemeji yangu, kaka wa mchumba wangu, naye yumo. Nimeshatoa nusu ya hela. Naomba ushauri kwenye mambo mawili tu: buti nikodi au ninunue pale soko la mitumba la Memorial? Na siku tano zinatosha au tuongeze ya sita? Wenzangu wanataka tano kwa sababu ya bei. Nijibuni mapema, usingizi wenyewe siku hizi siupati. Natanguliza shukrani.

Mama Chausiku: Memorial, ila usidanganyike na rangi. Shika buti kwa mikono miwili ulikunje pale vidole vinapokunjikia. Ukiona soli inaachama kama mdomo wa perege, rudisha hata kama anakupa bure. Lijaribu ukiwa na soksi mbili, sukuma mguu mbele, halafu ingiza kidole nyuma ya kisigino. Kikipita, hiyo ndiyo namba yako. Kucha zinang'oka wakati wa kushuka, si wa kupanda. Binamu yangu alirudi na kucha nne, na harusi ilikuwa Jumamosi. Viatu vya wazi akavisikia kwa wenzake.

Mzee wa Kibosho: Nina miaka 58, theluji naiangalia bure nikiwa mgombani na mbege yangu. Sisi zamani mtu alipanda kumbebea mzungu mzigo arudi na hela. Nyie mnatoa hela mkapigwe baridi! Hiyo nusu uliyolipa ni mifuko mingapi ya saruji?

Mtoto wa Chuga: Mzee umemaliza 😂. Ila kama lazima, njooni kwanza Arusha mpande Meru. Mita 4,566, askari wa hifadhi anatembea nanyi na bunduki kwa ajili ya nyati. Mwili unauzoea mwinuko kabla hamjakwenda kuaibika huko kwenu.

Mgumu Mstaafu: Nimebeba mizigo Marangu miaka kumi na moja. Ongezeni siku ya sita, msibishane. Vibanda vya kulala: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila siku mnaruka mita elfu moja, wakati ukishapita 3,000 mwili unataka kulala juu ya jana kwa mita 500 hivi, basi. Ile siku ya ziada mnalala Horombo mara mbili, mchana mnapanda hadi kwenye yale mawe ya mistari ya pundamilia, mnarudi kulala chini. Niliwahi kubeba gitaa la mteja hadi Kibo, juu ya kilo zangu ishirini. Hakulipiga hata mara moja, vidole vyote ganzi. Bakshishi nayo ilikuwa ganzi.

Sasa nikuulize, kijana. Mtu asiyewahi kupanda huwa anawaza kuchoka. Wewe hulali. Umeshawahi kwenda?

Kijana wa Rau: Niliwahi mara moja, mwaka juzi, njia hiihii ya Marangu, na wenzangu wa kazini. Ila swali langu lilikuwa la buti na siku.

Mgumu Mstaafu: Ulifika wapi?

Kijana wa Rau: Juu.

Binti Soweto: Juu ni wapi? Hata Mandara ni juu ukiwa umesimama stendi.

Kijana wa Rau: Sawa, maana mmenibana. Sikufika. Tulilala kambi ya Barafu, saa sita usiku tukawasha tochi tukaanza kupanda. Tangu mchana nilikuwa na kikohozi, nikajua ni vumbi. Baada ya saa moja nikawa napiga hatua tatu nasimama, kifua kinakoroma kama mtu anavuta uji kwa mrija. Nikatema kwenye glavu. Kiongozi akamulika, lilikuwa povu, lina rangi ya pinki. Hakuniuliza kitu. Alinigeuza kwa mabega tukashuka usiku uleule. Kesho yake mchana nipo chini kabisa, napumua vizuri, nakula chipsi.

Tatizo, nyumbani nilisema nimefika Uhuru, kileleni kabisa. Mchumba anajua nimefika, shemeji anajua nimefika, na kwenye grupu mimi ndiye "mzoefu". Ndiyo maana nasema siku ya sita itasaidia, na Diamox, vidonge vya mwinuko, nimeshanunua. Pia safari ile nilikuwa na mafua. Safari hii niko fiti, nakimbia kila asubuhi hadi Rau msituni na kurudi.

Nesi wa Zamu: Mdogo wangu, acha buti kwanza. Hayo uliyoeleza yanafanana na mapafu kujaa maji kwa ajili ya mwinuko, na hiyo inaua. Aliyewahi kuipata yuko kwenye hatari kubwa ya kuipata tena akipanda kwa mwendo uleule. Kukimbia hakukukingi, wakimbiaji wanaipata vizuri tu. Diamox inasaidia mwili kuzoea, lakini usiifanye hirizi. Kwa mtu wa historia yako madaktari wakati mwingine hutumia nifedipine, dawa ya presha, na hiyo mnapanga ana kwa ana, si kununua dirishani. Kaonwe kabla ya kumalizia hela. Na huyo kiongozi aliyekushusha, ulimshukuru?

Kijana wa Rau: Nilimpa elfu kumi na koti.

Kinyozi Mkuu: Kwa hiyo mleta uzi ametoa povu hata kabla ya kuja mtandaoni 😂😂

Mzee wa Kibosho: Msicheke. Mimi mwaka 1994 nilimdanganya baba mkwe kwamba nina ng'ombe watatu. Akaja kuwaona. Niliazima kwa jirani, mmoja akaanza kulia akimwita mwenye mali. Ile mahari ilipanda palepale.

Machame Juu: Wakuu, hii ni chai. Anasema njia ya Marangu halafu "tulilala Barafu". Barafu ni kambi ya sisi wa Machame, watu wa mahema, ukingoni juu unatokea Stella. Wa Marangu analala kwenye vibanda vya Kibo, anatokea Gilman. Huwezi kulala Barafu ukashukia Marangu usiku huohuo labda una mabawa. Huyu anakusanya likes.

Kinyozi Mkuu: Nilikuwa najiuliza. Chai, tena ya maziwa.

Binti Soweto: Na mimi nilishaanza kumwonea huruma jamani.

Mtoto wa Chuga: Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, walishuka Kibo wakiteleza na mbao miguuni. Mleta uzi naye ameteleza kwenye Barafu, ila kwa ulimi.

Mgumu Mstaafu: Ngojeni. Barafu amekosea, ila ile glavu si ya kutunga. Mimi nimewahi kumulika glavu ya mtu. Kijana, jibu.

Kijana wa Rau: Ilikuwa Marangu, nililala Kibo, vitanda vya juu na chini, mwenzangu wa chini alikuwa anatapika kwenye mfuko. Barafu ni ya kwenye hadithi ninayowasimulia watu. Jamaa mmoja wa ofisini alipita Machame akafika, nikaichukua safari yake nzima: mahema, Stella, jua linatoka, bango la Uhuru. Nimeisimulia mara nyingi, sasa mdomo unaitoa wenyewe.

Machame Juu: Chai ya pili, hii ina tangawizi. Cheti je? Kinaandikwa ulipofika.

Kijana wa Rau: Nilisema kilipotea wakati nahama. Shemeji ndiye aliyeniambia safari hii tutapata kingine.

Binti Soweto: Hii sasa naamini. Mwongo angekuwa na cheti.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai, atakayesoma hapa na amewahi kukohoa hivyo, aende hospitali. Na wewe, mwambie huyo dada kabla ya Desemba. Akisikia kutoka kwa kaka yake, mkiwa Horombo, ni kesi nyingine.

Kijana wa Rau: Dada nesi nimekuelewa. Ila kumwambia sasa hivi, na barua ya posa imeshapelekwa... Nilikuwa nafikiri niende nao hadi Horombo, halafu niseme goti.

Mama Chausiku: Goti! Na ile nusu ya pili unaitoa kwa ajili ya goti?

Mzee wa Kibosho: Mifuko ya saruji hiyo.

Kinyozi Mkuu: Mkuu, buti ulishanunua? Kama huendi nichukue mimi.

Kijana wa Rau: Nimenunua jana. Namba 43. Sijasema siendi.