Maji ya RO kwa tangi la samaki: nitoe tawi kwenye mtambo wa kunywa au nifunge wa peke yake?

TangiLaKona
Wakuu, habari za saa hizi. Tangi langu ni la lita 200, maji matamu, lina mimea na samaki wadogo, na sasa nataka kuongeza uduvi. Tatizo ni maji ya bomba. Mita ya TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) inasoma 420, na kioo kinaota ukoko mweupe kila maji yakishuka. Chini ya sinki tuna mtambo wa RO wa kunywa (unasukuma maji kwa presha kupitia utando unaozuia chumvi), wa hatua tano, wenye tangi dogo la presha. Niko njia panda: (a) nitoe tawi kwenye huo uliopo, (b) nitafute mtambo mdogo wa peke yake niwe naufunga kwenye bomba siku ya kubadilisha maji tu, au (c) niachane na RO, nitumie maji ya bomba na dawa ya klorini kama kawaida. Nabadilisha robo ya tangi kila wiki, yaani lita 50. Mwenzangu hapa nyumbani ameshasema hataki kujikwaa kwenye mrija jikoni.

FundiKoki
Mkuu, kabla ya yote fungua kabati ufuate mirija kwa kidole. Maji yanaingia kwenye chujio la tope, kwa kawaida mikroni 5, yanapita kaboni, halafu membreni, yaani ule utando wa RO. Kutoka membreni yanarudi kwenye vali ya kujifunga, yanaenda tangi la presha, na ukifungua bomba la kunywa yanapita kaboni ya mwisho. Mitambo mingine ina katriji ya madini mwishoni kabisa.

Tii yako (kiungio cha njia tatu) ikae baada ya vali ya kujifunga na kabla ya kaboni ya mwisho. Watu wengi huchukua kwenye bomba la kunywa kwa sababu ndilo rahisi, kumbe pale wanapokea maji yaliyokwisha kurudishiwa madini wasiyoyapima. Sasa umechuja ya nini?

Kwenye tawi weka koki ndogo. Siku ya samaki, funga koki ya tangi la presha kwanza, ndipo ufungue tawi. Ukisahau, tangi lote linajimwaga kwenye ndoo yako, na atakayekuja na glasi atakuta bomba linadondosha matone mawili matatu. Ukimaliza rudisha kinyume chake. Vali itajifunga yenyewe tangi likijaa.

Jambo la mwisho: baada ya membreni tumia viungio vya plastiki tu. Maji ya RO yana njaa, yanakula shaba taratibu, na shaba ni sumu kwa uduvi hata ikiwa kidogo sana.

BibiUduvi
Fundi amesema kweli, ila mimi ni wa (b), na sababu yangu ni moja: mtambo wa kunywa unawaka na kuzima mara nyingi kwa siku. Membreni ikipumzika, chumvi zinapenya polepole kwenda upande wa maji safi, kwa hiyo maji ya kwanza kila inapoanza ni machafu kuliko ya baadaye. Wangu ukianza husoma 90, baada ya dakika kama kumi unashuka hadi 12. Mtu anayetaka glasi moja ya maji ya kunywa hata hajui. Tangi la presha nalo linasukuma kinyume kadiri linavyojaa, na membreni inayosukumwa kinyume haichuji vizuri.

Mtambo wa peke yake nauacha uende saa tatu mfululizo, maji ya dakika kumi za mwanzo yanaenda kwenye ndoo ya kupigia deki. Ubaya wake nausema pia: kiungio cha bombani lazima kioane na nyuzi za bomba lako, na mabomba mengine hayana nyuzi kabisa. Na ukisahau ndoo… nimewahi kulala. Zulia lilikauka siku nne.

MzeeKambare
Mnamkimbiza mwenzenu. TangiLaKona, TDS 420 haijakuambia lolote kuhusu ugumu wa maji. Mita ile inahesabu kila kilichoyeyuka: kalsiamu, sodiamu, chochote. Nyumba yenye mashine ya kulainisha maji inaweza kusoma 420 vilevile, kwa sababu mashine ile inabadilishana kalsiamu kwa sodiamu, haiondoi kitu. Pima GH (ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu) na KH (kaboneti zinazotuliza pH) kwa matone kwanza.

Halafu, ni uduvi gani? Neocaridina, wale wekundu wanaozaliana kama mchezo, wanavumilia maji magumu kiasi. Caridina ndio wanaodai maji laini, KH karibu na sifuri. Nimefuga miaka mingi kwa maji ya bomba na dawa ya klorini, na samaki wangu, gapi na moli, wasingependa RO yenu hata kidogo. Ila hakikisha dawa yako inashughulikia kloramini, siyo klorini peke yake. Kloramini ikivunjwa inaacha amonia.

Matumbawe35
Mimi ni wa maji chumvi, kwangu (c) haipo. Fosfeti na silika za bombani ni karamu ya mwani. Baada ya RO nina katriji ya resini, TDS inatoka sifuri, ndipo nachanganya chumvi hadi 35 kwa elfu moja. Kwa tangi la mimea resini ni kujisumbua, maana utarudisha madini hata hivyo. Maji ya RO matupu usimwagie samaki wala uduvi: hayana kalsiamu ya kujenga gamba, na KH ikiisha pH inaweza kuporomoka ghafla.

Nimekuja hasa kwa ajili ya onyo. Kuna siku utashawishika kuunganisha mrija moja kwa moja kwenye tangi ukiwa na vali ya boya, ujaze wenyewe. Usifanye. Konokono mmoja alipanda kwenye boya langu likabaki limening'inia chini, na mtambo ukaendelea kumimina maji matamu usiku kucha ndani ya maji chumvi. Sasa boya liko kwenye pipa la lita 40 pembeni, na pampu ndogo inavuta kutoka pipani. Likiharibika lolote, kinachoweza kuingia tangini ni hizo lita 40 tu.

FundiKoki
@BibiUduvi, hoja ya maji ya mwanzo nakubali. Lakini tangi la presha likifungwa na tawi likiwa wazi, membreni haina kinachoisukuma nyuma. Amwage dakika kumi za kwanza kama wewe, tofauti itabaki ndogo mno.

TangiLaKona
Nimepima, mzee wangu. GH 16, KH 11. Uduvi ni Neocaridina. Maji ya RO nimeyachukua kwenye mrija wa kabla ya kaboni ya mwisho, mita inasoma 15.

BibiUduvi
Hapo umejirahisishia, na membreni yako ni nzima: kutoka 420 hadi 15 ni asilimia 96 imeondolewa. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyotiwa dawa. GH itakuwa 8, KH kati ya 5 na 6, TDS kama 217. Huhitaji chumvi za kuongeza, maji ya bomba ndiyo madini yako. Kwa lita 25 za RO kwa wiki, hata mimi ningechagua (a).

MzeeKambare
Haya, kwa KH 11 na uduvi, nusu kwa nusu siwezi kuipinga. Gapi zangu waachieni maji yao.

FundiKoki
Membreni iliyoandikwa galoni 75 ni lita 284 kwa siku, karibu 12 kwa saa, lakini hiyo ni kwa maji ya nyuzi 25 na presha nzuri. Maji yakiwa baridi zaidi au presha ikiwa chini, inapungua sana. Presha isipofika bar 3 fikiria pampu ya kuongezea. Na usiwahi kuilisha maji ya moto.

Maji ya kutupa ni kama mara tatu ya unayopata, kwa hiyo lita 25 zinakuja na 75 pembeni. TDS yake itakuwa kama 550, inafaa kudeki na kufulia. Mrija wake usiubane wala usiuzibe ili "kuokoa maji". Ndio unaosafisha uso wa membreni.

TangiLaKona
Mrejesho. Nimefunga (a) Jumamosi. Tii ya robo inchi, koki, na mita nne za mrija ninaouzungusha na kuurudisha kabatini nikimaliza, kwa hiyo amani ipo nyumbani. Kiungio kimoja kilivuja kwa sababu nilikata mrija kwa mkasi ukaenda mshazari. Nilikata upya kwa wembe, nikausukuma mpaka ukagonga mara ya pili, kikakauka. Lita 25 zimechukua saa mbili na dakika arobaini. Naweza kubadilisha nusu ya tangi leo ili nifike 217 haraka?

BibiUduvi
Hapana, kaka. Samaki na mimea wamezoea 420. Endelea na robo yako kila wiki ukitumia mchanganyiko, itashuka polepole: wiki ya kwanza karibu 370, ya pili 330 hivi. Uduvi waje ikishafika chini ya 280, na siku hiyo uwatone maji ya tangi kwa mrija mwembamba kwa saa nzima kabla ya kuwaachia.