Maker's Mark au Wild Turkey 101: ipi inastahili fedha yake?

Mwonjaji (mleta mada)

Wakuu, naleta ulinganisho wa bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi) mbili za Kentucky ambazo kwa kawaida hukaa kwenye daraja moja la bei, yaani juu ya zile ambazo watu huzimalizia kwenye soda na chini ya zile zinazouzwa ndani ya makasha ya mbao: Maker's Mark ya Loretto na Wild Turkey 101 ya Lawrenceburg. Sheria ya Marekani inazibana zote mbili kwa namna ileile. Mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, pipa liwe jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, wala isiongezwe rangi au ladha ya aina yoyote. Kwa hiyo tofauti unayoikuta kwenye glasi imetokana na mambo machache ambayo sheria imeyaacha huru, na makubwa kati ya hayo ni nafaka ya pili na nguvu ya kilevi.

Maker's Mark hutumia mahindi asilimia 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14, bila punje ya rai. Wild Turkey hutumia mahindi 75, rai 13 na kimea 12. Rai ndiyo nafaka inayoleta ule ukali wa viungo unaopanda puani baada ya kumeza. Ngano ni pole, nayo huuachia utamu wa mahindi na vanila ya pipa nafasi ya kujitokeza. Maker's ina kilevi asilimia 45, Wild Turkey 50.5.

Nilizionja bila barafu, katika glasi zinazofanana zenye mdomo mwembamba. Maker's inanukia karameli na mkate uliotoka motoni, pamoja na tunda la cheri kwa mbali. Mdomoni ni laini tangu mwanzo, lakini inaaga mapema mno, na hilo ndilo lawama langu kubwa juu yake. Wild Turkey inaanza na asali iliyokaribia kuungua na ganda la chungwa, kisha mdalasini na pilipili manga, na ukishaimeza unabaki na ukavu wa mwaloni kwenye fizi kwa muda mrefu. Kwa ladha peke yake ningesita kuchagua. Kwa thamani ya fedha, sisiti: Wild Turkey. Nawasilisha.

Kimea

Mkuu, nakubaliana na hitimisho lako ila njia uliyopita ina walakini. Umelinganisha kinywaji cha asilimia 45 na cha 50.5, halafu ukasema kimoja kinadumu zaidi mdomoni. Sehemu ya kudumu huko ni kilevi tu. Ukitaka kuzihukumu nafaka na mapipa, zisawazishe kwanza: katika mililita 50 za Wild Turkey ongeza mililita 6 za maji, ambazo ni zaidi kidogo ya kijiko cha chai, nayo itashuka hadi karibu asilimia 45. Iache itulie kidogo, kisha onja tena. Utaona pilipili inapungua na lile chungwa linakuja mbele, na pengo kati ya chupa hizi mbili linakuwa dogo kuliko ulivyoandika, ingawa halifutiki.

Hesabu hiyohiyo inakusaidia kwenye thamani. Chupa ya mililita 750 ya Wild Turkey ina takriban mililita 379 za kilevi halisi. Ya Maker's ina karibu 338. Maana yake ni kwamba ukiishusha Wild Turkey yote hadi asilimia 45 unapata mililita 90 na ushei za ziada. Kwa hiyo hata ikiwa ghali kwa asilimia 12, bado mko sawa.

Mzee Mwaloni

Ndugu Kimea amezungumzia maji ya kwenye glasi. Mimi naomba tuyatazame maji ya kiwandani, kwa kuwa huko ndiko ladha inakoamuliwa. Sheria inaruhusu wiski iingizwe kwenye pipa ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5. Anayeingiza kwa kiwango hicho cha juu anatumia mapipa machache na baadaye anaongeza maji mengi wakati wa kujaza chupa. Viwanda hivi viwili vyote vimejizuia: Maker's huingiza kwa asilimia 55 na Wild Turkey kwa 57.5, jambo linaloongeza gharama ya mapipa. Ila tazama mwisho wa safari. Tukiacha mabadiliko ya nguvu yanayotokea ndani ya pipa kwa miaka ile yote, Maker's inashuka pointi 10 na Wild Turkey 7 tu. Huo uzito mdomoni ambao mleta mada ameusifu haukutoka kwenye rai pekee.

Halafu kuna moto. Mapipa ya Wild Turkey huchomwa kwa kiwango cha nne, ambapo uso wa ndani wa ubao hupasukapasuka kama ngozi ya mamba, na wiski hupenya kwenye nyufa hizo wakati wa joto na kurudi nje wakati wa baridi. Maker's nao wana desturi ya kuhamisha mapipa kutoka ghorofa za juu za ghala, zenye joto kali kiangazi, kwenda za chini, ili yote yafanane. Ndiyo maana chupa moja ya Maker's haikushtui ukiilinganisha na nyingine. Mimi kufanana huko nakuhesabu kuwa thamani, maana mtu anajua anachonunua.

Shangazi Kokteli

Wakuu, mmeonja zote kavu kana kwamba hakuna anayetumia barafu. Maker's juu ya barafu ni nzuri kwa dakika chache za mwanzo, kisha barafu inayeyuka na kinachobaki ni maji matamu. Wild Turkey inastahimili. Kwenye kokteli ya Old Fashioned, ambayo tayari ina sukari, ngano inaongeza utamu juu ya utamu, wakati rai inaukata. Kwenye kokteli ya Manhattan, yenye vermouth (divai iliyotiwa viungo), Maker's inapotea kabisa. Mahali pekee ninapoipendelea ni kwenye kokteli ya ndimu, kwa sababu ukali wa tunda hauhitaji kuongezewa ukali mwingine.

Na ile nta nyekundu shingoni mwa chupa, aliyoibuni Margie Samuels, mmoja wa waanzilishi wa Maker's, na ambayo hadi leo huchovywa kwa mkono, inapendeza sana mezani. Haionjwi.

Mwonjaji

Ndugu Kimea, nimefanya ulivyoelekeza, na ni kweli pengo limepungua. Hata hivyo sikubali kwamba hukumu ya haki ni ile ya baada ya kusawazisha, kwa sababu mnunuzi hanunui nafaka, ananunua chupa jinsi ilivyofungwa. Mkumbuke 2013, Maker's walipotangaza kushusha kilevi hadi asilimia 42 kwa kuwa akiba ilikuwa haitoshelezi mahitaji: wateja walikuja juu, na siku chache baadaye uamuzi ukafutwa. Kama pointi tatu zilileta zogo lile, hizi tano na nusu tusizipuuze. Hoja ya Mzee Mwaloni kuhusu kufanana kwa chupa naiona nzito zaidi.

Mgeni Jamvini

Shikamooni wakubwa. Mimi wiski naianza, na ninaweza kumudu chupa moja tu. Ninunue ipi?

Shangazi Kokteli

Marahaba mwanangu. Kama utainywa kavu, anza na Maker's, kwa kuwa kilevi cha asilimia 50.5 kitakuunguza ulimi usibaki na cha kuonja. Kama utaichanganya, au unaona raha kuweka maji kidogo kidogo hadi ikukubali, nunua Wild Turkey. Na siku ukizikuta zote mbili mezani, tangulia na Maker's. Ukigeuza mpangilio, utasema haina ladha.