Ryzen 5 3600 inatoka: 5700X, 5700X3D, 5900X au kuhamia AM5 kwa gemu na laivu?

Mrusha_Laivu_DSM
Wakuu habari zenu. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaozijua hizi prosesa, maana Kariakoo kila duka lina jibu lake.

Mashine ilivyo: ubao mama MSI B450 Tomahawk Max, Ryzen 5 3600 na kipoozeo chake cha boksini, RAM GB 16 DDR4-3200 (vijiti viwili vya 8), kadi ya picha RTX 2060 ya GB 6, pawasaplai wati 550, skrini 1080p ya Hz 144. Gemu ni CS2, Fortnite na Warzone. Laivu inaenda Twitch kwa 1080p fremu 60, bitireti 6000 (kbps, wingi wa data ya video kwa sekunde), enkoda x264 (inayobana video kwa kutumia prosesa) kwenye veryfast, hatua yake nyepesi. Gemu peke yake iko poa. OBS (programu ya kurushia laivu) ikiwashwa, FPS (fremu kwa sekunde) zinashuka na watazamaji wanasema picha inakatakata.

Ninazofikiria ni 5700X, 5700X3D, 5900X, au kuuza vyote na kuhamia AM5, soketi mpya ya AMD iliyofuata AM4 ya ubao wangu.

FundiFremu
Mkuu, kabla hela haijatoka tuulize kwanza: nani anabana video? Kwa maelezo yako ni prosesa. x264 inatafuna viini vilevile ambavyo CS2 inavitaka, na 3600 inavyo 6 tu. Wakati huohuo RTX 2060 ina NVENC ya kizazi cha Turing, kipande kilichotengwa ndani ya chipu kwa kazi hiyo tu, na ubora wake kwa H.264 unakaribiana na x264 medium. Mzigo umeubeba kichwani na punda umemwacha kafungwa zizini.

Fanya hivi leo, bila senti. Kwenye OBS ingia Settings, Output, badili Output Mode iwe Advanced. Enkoda: NVENC H.264. Rate control CBR, bitireti 6000, keyframe sekunde 2, priseti P5, tuning High Quality, profile high, B-frames 2. Look-ahead izime. Kisha fungua OBS kwa "Run as administrator". Hapo Windows inaipa OBS kipaumbele kwenye kadi ya picha. Na gemu iwekee kikomo cha FPS, kwa CS2 andika fps_max 140 kwenye konsoli. Kadi ikigonga asilimia 99, OBS nayo inakosa nafasi ya kupanga picha yake, na laivu inakatika hata kama FPS za gemu zinapendeza.

Baada ya hapo fungua dirisha la Stats na usome mistari mitatu, kwa sababu kila mmoja una ugonjwa wake:

"Rendering lag" ikipanda, kadi ya picha imeelemewa. "Encoding lag" ikipanda, anayebana video ndiye amezidiwa. "Dropped frames" ikipanda, ni intaneti, na hakuna prosesa ya kuitibu.

Binti_Chuda
Naunga mkono. NVENC ikishachukua kazi, swali linabadilika: unatafuta prosesa ya gemu isiyoyumba huku OBS, kivinjari na Discord viko wazi nyuma yake.

5700X: viini 8, nyuzi 16 (kazi zinazokwenda kwa pamoja), kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 32, hadi GHz 4.6, wati 65.
5700X3D: viini 8, nyuzi 16, kashe MB 96, hadi GHz 4.1, wati 105.
5900X: viini 12, nyuzi 24, kashe MB 64, hadi GHz 4.8, wati 105.

Ukisoma GHz peke yake utaiona 5700X3D ndiyo ya mwisho. Wengi wanapotelea hapo. Tazama kinachotokea ndani: gemu inahesabu alipo kila mchezaji, risasi imegonga nini, sauti itoke upande gani, na kila fremu inaomba data ileile tena. Kiini kikiikuta kwenye kashe ya L3, jibu linarudi kwa nanosekunde kumi na kitu. Kisipoikuta, safari ni hadi kwenye RAM, na kwa DDR4 hiyo ni nanosekunde 60 hadi 80. Muda wote huo kiini kimekaa bure. GHz 4.6 za kusubiri hazimsaidii mtu. Kashe ya MB 96 inapunguza hizo safari, ndiyo maana X3D hunyanyua zaidi zile FPS za chini kabisa, zinazofanya picha ishtuke katikati ya pambano. Watazamaji wanakiona kishindo hicho kuliko wanavyoona wastani.

MB 64 za 5900X zisikudanganye. Ni vipande viwili, kila kimoja viini 6 na MB 32 zake. Kiini cha upande mmoja hakitumii kashe ya upande wa pili kama yake, na mawasiliano kati ya vipande yanapita kwenye Infinity Fabric, njia inayoviunganisha, na kuchelewa. Kwa gemu, kila kiini kinaishi na MB 32, sawa na 5700X.

Na tahadhari ya jina: 5700 isiyo na X ni chipu nyingine, ina kashe MB 16. 5700G na 5500 vilevile. Soma maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa yenyewe, usisome boksi tu.

Ngalawa_Msa
Mimi naitetea 5900X kidogo, maana mnaihukumu kwa kadi moja. Siyo kila mtu ana NVENC ya Turing. RX 6400 na RX 6500 XT hazina enkoda kabisa, zimetoka kiwandani bila hicho kipande. GTX 1650 ya kwanza ina NVENC ya kizazi cha nyuma, na RX 580 inabana H.264 vibaya kwenye bitireti ndogo. Mwenye kadi hizo akitaka picha safi kwa kbps 6000 anarudi x264, na hapo viini 12 vina kazi: gemu inachukua sehemu yake na x264 fast inapata pa kupumulia. Twitch bado inategemea H.264, kwa hiyo ubora wa kubana una maana kubwa, hasa gemu zenye majani na moshi kama Warzone.

FundiFremu
Ngalawa, hilo ni sawa kabisa, ila kwa mtu wa namna hiyo ningelinganisha kwanza bei ya 5900X na bei ya GTX 1660 Super iliyotumika. Kadi hiyo ina NVENC ileile ya Turing, na inamwongezea FPS pia. Kwa aliyefungua uzi huu, 5900X inabaki kwa kazi za kuhariri video.

Mrusha Laivu, fanya na jaribio hili kabla ya kununua. Ingia gemu, eneo lilelile, andika FPS. Kisha shusha ubora wa picha kutoka 1080p hadi 720p bila kugusa kingine. FPS zikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa inakubana, na prosesa mpya haitaongeza kitu katika gemu hiyo. Zisipopanda, prosesa ndiyo kizuizi. Usiangalie asilimia ya jumla kwenye Task Manager. Gemu inaweza kubanwa na nyuzi mbili tu, jumla ikasoma 45.

Mzee_wa_Soketi
Mbona hakuna aliyetaja Intel? i5-13600K iliyotumika ina viini 14 (6 vikubwa, 8 vidogo), na kuna ubao za LGA1700 (soketi yake ya Intel) zinazopokea DDR4, kwa hiyo RAM yake inahamia. Picha ya ndani UHD 770 inampa Quick Sync, enkoda ya pili nje ya kadi. Mwenye herufi F mwishoni, kama 12400F, hana Quick Sync.

Binti_Chuda
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ni prosesa nzuri ikiwa mpya yenye waranti. Iliyotumika ya kizazi cha 13 au 14 inahitaji macho. Zile za nguvu kubwa zilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi na kuichosha chipu taratibu. Intel ilitoa mikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa, huja na BIOS) 0x129 mwezi Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba, na 0x12F mwaka 2025. Mikrokodi inazuia madhara mapya, haiponyi chipu iliyokwisha kuchoka. Dalili yake inafahamika: gemu za Unreal, Fortnite mojawapo, zinaanguka wakati wa kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha) na kuandika "Out of video memory" wakati kumbukumbu ya kadi bado ina nafasi tele. Muuzaji akikataa ujaribu gemu mbele yake, achana nayo. Kizazi cha 12 hakina tatizo hilo.

Ngalawa_Msa
AM5 nayo tuimalize haraka: 7800X3D au 9800X3D ziko juu ya kila kitu kilichotajwa hapa kwa gemu, lakini ni ubao mpya, DDR5 mpya na kipoozeo kipya, na DDR5 ilipanda bei sana kuelekea mwisho wa 2025. Ukiiweka RTX 2060 juu ya 7800X3D, kwenye Warzone kadi ndiyo itakayokuwa inakuambia hapana.

Mrusha_Laivu_DSM
Asanteni sana. Nimeweka NVENC kama alivyosema FundiFremu, encoding lag imekwenda sifuri. Jaribio la 720p: Warzone ilipanda sana, CS2 na Fortnite hazikusogea. Nacheza zaidi CS2, kwa hiyo naelekea 5700X3D. Mpya zimeadimika, nyingi ni zilizotumika. Nikague nini, na kufunga nianzie wapi?

FundiFremu
Kukagua: geuza chini. AM4 ina pini 1331 kwenye prosesa yenyewe. Iweke usawa wa macho, taa nyuma yake, tazama mistari ya pini kutoka pande mbili. Mstari ulionyooka unaonekana kama chanuo, pini iliyopinda inavunja mstari hapohapo. Iliyoinama kidogo hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya risasi ya mm 0.5 iliyotolewa risasi: unaivalisha pini kama mrija na kuirudisha polepole. Iliyokatika, acha. Prosesa zenye neno PRO kutoka mashine za ofisi ziache pia. Baadhi zimefungwa na mtengenezaji wa mashine na haziwaki kwenye ubao mwingine.

Kufunga:

Kwanza BIOS (programu ya kuwashia ubao), 3600 ikiwa bado mahali pake. Kwenye ukurasa wa ubao wako tafuta orodha ya prosesa na uchukue toleo lililoandikwa mbele ya 5700X3D, au jipya zaidi. Flashi iwe FAT32. Zima XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kabla ya kuanza. Na tumia UPS: umeme ukikatika katikati, ubao unabaki kimya. Tomahawk Max ina njia ya kuokoa, kitufe cha Flash BIOS nyuma. Faili linaitwa MSI.ROM na linakaa nje ya folda zote.

Pili, kama Windows inatumia BitLocker (kufuli la diski), andika ufunguo wa kuirejesha kwenye karatasi. Prosesa ikibadilika, fTPM (sehemu ya prosesa inayotunza funguo) inaulizwa upya. Utaona ujumbe wa "New CPU installed" ukitaka ubonyeze Y au N. Ukibonyeza Y bila ufunguo, diski imefungwa.

Tatu, kutoa kipoozeo. Watu wengi huharibu hapa. Pesti ya zamani inagandisha kipoozeo na prosesa, ukivuta juu prosesa inang'oka na soketi ikiwa imefungwa. Cheza gemu dakika 15 pesti ilainike, zima, chomoa waya, fungua skrubu, kisha zungusha kipoozeo kushoto na kulia mpaka kiachie chenyewe. Ndipo uinue.

Nne, kipoozeo cha boksini cha 3600 hakitoshi. Kashe ya ziada ya X3D imelala juu ya chipu ya viini kama blanketi, joto linatoka kwa shida, na kikomo chake ni nyuzijoto 90. Chukua cha mnara chenye mabomba manne na feni ya mm 120. Chumba cha nyuzijoto 32 kinaongeza karibu nyuzijoto 10 kwenye prosesa ukilinganisha na chumba cha 22, na Dar mwezi wa pili mnazijua. Pesti ni tone la ukubwa wa punje ya njegere, katikati.

Mwisho, washa XMP upya, na hakikisha vijiti vya RAM viko tundu la 2 na la 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Mzee_wa_Soketi
Marahaba binti, nimekuelewa kuhusu kizazi cha 13. Kwa Mrusha Laivu: GB 16 kwa Warzone, OBS na kivinjari vikiwa pamoja zinabana. Chenji ikibaki, nenda GB 32. DDR4-3200 ileile inatosha, X3D haisumbuliwi sana na kasi ya RAM.

Ngalawa_Msa
Na intaneti: kbps 6000 za picha na 160 za sauti ni takriban GB 2.8 kwa saa. Mwenye bando ahesabu mapema. Kasi ya kupakia iwe angalau Mbps 10 zilizotulia, na tumia waya wa LAN, siyo Wi-Fi. "Dropped frames" zikiendelea, shusha hadi 720p fremu 60 kwa kbps 4500. Kwenye simu watazamaji wengi hawataona tofauti.

Mrusha_Laivu_DSM
Nimeelewa. Swali la mwisho: 3600 niiuze siku hiyohiyo kufidia bei?

FundiFremu
Subiri wiki moja. Ubao ukigoma au BIOS ikirudi toleo la zamani, 3600 ndiyo prosesa ambayo Tomahawk Max inaitambua tangu ilipotoka kiwandani, na utaihitaji kuwasha mashine. Wakati huo iweke kwenye kiganda cha plastiki kilichokuja na 5700X3D, pini zikitazama chini ndani ya kisanduku chake. Usiikandamize kwenye sponji la godoro: linazalisha umemetuli na linapinda pini za pembeni.